Robert Carr na Pasipoti za Mwaka 1972

Wazee wa Kihindi wa Leicester na Harrow waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakishukuru humtaja Edward Heath. Ni haki yake, ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Lakini mzigo wenyewe ulimwangukia Robert Carr, Waziri wa Mambo ya Ndani, na jumuiya yetu imemsahau mno.

Carr alizaliwa 1916, akasomea sayansi Cambridge, kisha akafanya kazi katika kampuni ya familia ya mambo ya metali. Aliingia bungeni mwaka 1950 kwa tiketi ya Conservative. Hakuwa mtu wa kuwasha majukwaa. Akiwa Waziri wa Ajira alisimamia sheria ya mahusiano ya kazi ya 1971, iliyopingwa vikali na vyama vya wafanyakazi, na Januari mwaka huo nyumba yake ililipuliwa kwa mabomu. Yeye na familia yake walisalimika.

Julai 1972 alihamishiwa Mambo ya Ndani, baada ya Reginald Maudling kujiuzulu. Hata wiki tatu hazijatimia, Rais Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Wakapewa siku 90.

Vijana wetu huuliza: kama pasipoti zilikuwa za Uingereza, mjadala ulitoka wapi? Ulitoka kwenye sheria ya 1968. Serikali ya Labour iliipitisha haraka Wahindi wa Kenya walipoanza kuja kwa wingi. Tangu hapo, mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hakuwa na mzazi wala babu wa huko alipaswa kungoja vocha, na vocha zilitolewa kwa mgawo wa kila mwaka. Kwa mwendo huo, watu wangebaki Kampala hadi muda wa Amin uishe, na hakuna aliyejua askari wake wangewafanya nini.

Kwanza serikali ilimtuma waziri Geoffrey Rippon akamsihi Amin. Haikusaidia. Ndipo mlango ukafunguliwa: ikaundwa bodi ya kuwapokea wageni, kambi za jeshi zikageuzwa makazi, na ndege ya kwanza ikatua Stansted tarehe 18 Septemba. Waliopokelewa walizidi 27,000. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende mji huo. Mbunge wa Conservative, Enoch Powell, aliwashambulia mawaziri wa chama chake mwenyewe, na katika mkutano mkuu wa chama wa Oktoba, Blackpool, hoja yake ikashindwa kwa kura. Kusimama na wageni mbele ya wanachama waliokasirika kulihitaji moyo, na Carr alikuwa nao.

Simwiti mtakatifu. Tarehe 1 Januari 1973, yeye akiwa waziri yuleyule, sheria mpya ya uhamiaji ilianza kutumika na kuubana zaidi mlango kwa watu wa makoloni ya zamani. Familia nyingi za Afrika Mashariki ziliumizwa na sheria hiyo.

Februari 1975 alikaimu uongozi wa chama kwa siku chache, hadi Margaret Thatcher alipochaguliwa. Mwaka uliofuata akaingia Baraza la Malordi kama Lord Carr wa Hadley. Alifariki Februari 2012, akiwa na miaka 95. Desemba mwaka huohuo, baraza hilo lilijadili miaka 40 tangu Wahindi wafukuzwe Uganda. Mtoa hoja alikuwa Dolar Popat, lordi wa Conservative aliyezaliwa Uganda.