Pinboli: Mashine iliyofia baa, ikafufukia sebuleni

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 25, 1999, wafanyakazi wa kitengo cha pinboli cha kampuni ya WMS ya Chicago, Marekani, walielezwa kwamba kazi imekwisha. Kampuni haikuwa imefilisika. Ilikuwa ikipata faida nono kutokana na mashine za kamari zinazowekwa kwenye kasino, na wakubwa wake waliona hakuna sababu ya kuendelea kubeba kitengo kinachokula mtaji bila kurudisha cha kuridhisha. Kwa siku moja tu, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa bidhaa hiyo akawa ameondoka sokoni, na nyuma yake kikabaki kiwanda kimoja kinachozitengeneza kwa wingi.

Wengi waliamini biashara hiyo imekufa. Lakini Januari 2024, kiwanda hicho kilichobaki, Stern Pinball, kilitoa mashine iitwayo Jaws kwa bei tatu: ya chini dola 6,999, ya kati dola 9,699 na ya juu dola 12,999. Hizo ni fedha za kununulia gari, na bado wanunuzi walijitokeza. Kilichotokea kati ya miaka hiyo miwili kinafaa kujulikana na yeyote anayeishi kwa kuuza kitu, kwa sababu bidhaa ni ileile. Aliyebadilika ni mnunuzi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, pinboli ni sanduku la mbao lenye miguu minne, lililofunikwa kwa kioo na kuinamishwa kidogo kumwelekea mchezaji, kwa kawaida nyuzi sita na nusu hivi. Ndani yake gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hurushwa hadi juu, kisha huteremka ikigonga vizuizi, ikipita kwenye njia zenye mteremko na kuwasha taa, huku pointi zikihesabiwa. Chini kabisa kuna vikono viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya pembeni. Mchezaji akichelewa kuipiga, gololi inadumbukia katikati na kupotea. Kwa kawaida hupewa gololi tatu.

Enzi zake, mashine hii ilikuwa mradi kama ilivyo mashine ya kusaga nafaka. Mara nyingi mwenye mashine hakuwa mwenye baa. Aliiweka pale, akapita kila baada ya siku kadhaa kufungua kisanduku cha sarafu, wakagawana mapato, mara nyingi nusu kwa nusu. Matengenezo yalikuwa juu ya mwenye mashine. Ikiharibika Ijumaa jioni, fedha za mwisho wa wiki zimekwenda.

Biashara yenyewe ilianza kuchanganya mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, pale David Gottlieb wa Chicago alipotoa mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, Baffle Ball, iliyouzwa dola 17.50. Mteja asiye na fedha za kwenda sinema aliweza kujiliwaza kwa sarafu ya senti moja. Oda zilimzidi Gottlieb. Mmoja wa waliokuwa wakimuuzia, Raymond Moloney, alichoka kungoja mzigo usiofika, akatengeneza mashine yake mwenyewe, Ballyhoo, na kutokana na jina hilo ikazaliwa kampuni ya Bally. Gottlieb alijipatia mshindani kwa sababu tu hakumfikishia wakala wake mzigo.

Mashine hizo za mwanzo hazikuwa na vikono. Mchezaji alirusha gololi, akatikisa meza kidogo, akabaki kuomba Mungu. Ndiyo maana serikali nyingi za miji ziliziona kuwa kamari. Mwaka 1942 jiji la New York lilizipiga marufuku, na Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Vikono vilikuja mwaka 1947 katika mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, na kuanzia hapo ustadi wa mkono ukawa na nafasi yake. Hata hivyo marufuku ya New York ilidumu hadi mwaka 1976, pale mwandishi Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akawatajia mapema njia atakayoipitisha gololi, na ikapita hapohapo. Madiwani wakaridhika kwamba mchezo huo haukuwa wa bahati nasibu peke yake.

Siri ya mashine imo kwenye kikono, na fundi anayejua koili atalielewa jambo hili haraka. Koili ya kikono cha mashine nyingi za zamani ina nyaya za aina mbili: waya mnene unaotoa nguvu ya kupiga, na waya mwembamba wa kukishikilia kikono juu bila kuunguza kitu. Kikono kikifika mwisho wa mwendo wake, swichi ndogo hukata umeme wa waya mnene. Swichi hiyo ikishika uchafu, kikono kinalegea na mchezaji analalamika. Ikigoma kuachia, koili inachemka hadi kuungua. Kipande hicho kidogo ndicho cha kwanza kuangaliwa na fundi mzoefu.

Kazi ya mbunifu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Huanza na ubao mtupu wa plaiwudi usio na rangi, akatoboa matundu, akafunga vizuizi kwa skrubu na kuucheza kwa muda mrefu, akisogeza kitu hapa na pale. Anatumikia mabwana wawili. Mwenye mashine anataka mchezo uishe ndani ya dakika chache ili sarafu nyingine iingie. Mchezaji anataka aone kwamba amepoteza kwa kosa lake mwenyewe, maana akihisi ameibiwa hatarudi. Mashine iliyowaridhisha wote wawili kuliko nyingine za kizazi chake ni The Addams Family ya mwaka 1992, kazi ya Pat Lawlor na Larry DeMar, iliyouzwa 20,270.

Baada ya kilele hicho soko liliporomoka. Michezo ya video haikuwa na gololi ya kukwama wala mipira ya kubadilisha, na mwenye baa mwenye nafasi ya mashine moja alichagua isiyomsumbua. Vijana nao walikuwa na michezo yao nyumbani. Gottlieb ilifunga mwaka 1996. WMS, iliyokuwa ikimiliki majina ya Bally na Williams, ilijaribu mara ya mwisho mwaka 1999 kwa mtindo ulioitwa Pinball 2000, ambamo picha za skrini zilionekana kama zinaelea juu ya ubao. Zilitoka mashine mbili tu za mtindo huo kabla ya Oktoba 25. Mwaka huohuo Sega iliuza biashara yake ya pinboli kwa Gary Stern, mtu aliyekulia katika fani hiyo kwa baba yake, naye akabaki peke yake.

Kubaki peke yake sokoni hakukumtajirisha. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipokuja, kampuni ilipunguza wafanyakazi wengi, wakiwamo wabunifu, na ikaokolewa na mtaji mpya mwaka 2009. Wakati huo ilikuwa wazi kwamba mnunuzi hakuwa tena mwenye baa. Ni mtu mzima mwenye kipato, aliyecheza akiwa kijana, ambaye sasa anataka mashine iwe kwake, chini ya paa lake.

Mnunuzi wa namna hiyo hapigi hesabu ya sarafu. Anataka jina analolipenda, sinema au bendi ya ujana wake, na anataka kitu ambacho jirani hana. Ndipo ukaja utaratibu wa matoleo matatu: la kawaida, la kati lenye vikorombwezo zaidi, na toleo maalumu ambalo idadi yake hutangazwa mapema na kila moja kupewa namba. Kwa sehemu kubwa mchezo ni uleule. Tofauti kubwa iko kwenye mapambo na vifaa. Binafsi naona huo ndio ujanja mkubwa wa biashara hii: kumwachia mnunuzi mwenyewe aamue alipe kiasi gani.

Washindani wakarudi. Jack Guarnieri wa New Jersey, aliyeanzia kwenye ufundi wa mashine hizi, alianzisha kampuni yake mwaka 2011 na mashine yake ya kwanza, The Wizard of Oz, ikaanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2013 ikiwa na skrini kubwa ya rangi. Mwaka huohuo Charlie Emery alianzisha Spooky Pinball katika kijiji cha Benton, Wisconsin, jimbo linalojulikana zaidi kwa maziwa na jibini. Mashine yake ya kwanza aliiwekea kikomo cha 150.

Kwa mashine kuukuu, uchache peke yake haupandishi bei. Ziko mashine chache ambazo hazitakiwi na mtu kwa sababu hazichezeki vizuri. Medieval Madness ya mwaka 1997 ilitengenezwa 4,016, na kwa kuwa kila mtu aliipenda, ilifika mahali ikauzwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2013 kampuni ya Chicago Gaming ikatangaza kuitengeneza upya, na bei ya zile za zamani ikalegea. Waliokuwa wameiweka kama akiba ya uzeeni hawakufurahi. Waliotaka tu kuicheza walishangilia.

Anayejua kununua haangalii taa. Anafungua sanduku la nyuma na kutazama betri. Mashine za miaka ya 1980 na 1990 huwa na betri ndogo tatu, kama zile za redio, za kutunza kumbukumbu ya pointi. Zikisahaulika, huvuja, na maji yake hula njia za shaba kwenye bodi hadi bodi nzima ikawa ya kutupa. Kisha anaangalia rangi ya ubao kuzunguka matundu, mahali gololi inapopita kila siku, kwa kuwa rangi iliyolika mpaka mbao haina marekebisho ya bei rahisi.

Kutokana na hali hiyo pamezuka riziki nyingine. Wapo wanaoishi kwa kuuza seti za mipira ya mashine moja moja, balbu, koili, na bodi mpya za kuchukua nafasi ya zilizooza. Wapo mafundi wanaozunguka majumbani. Wachezaji nao wana mashindano na orodha ya viwango ya dunia. Keith Elwin, bingwa wa miaka mingi, aliajiriwa na Stern kuwa mbunifu, na Jaws iliyotajwa juu ni kazi yake.

Penye wanunuzi wenye shauku, hapakosi wa kuwatumia. Kwa kuwa wengi hulipa kabla mashine haijatengenezwa, miradi kadhaa imeanguka ikiwa na fedha za watu. Mwaka 2021 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani ilimfikisha mahakamani mwenye kampuni moja ya Texas iliyokuwa ikijinadi kuja na mashine mpya, ikimtuhumu kutumia vibaya fedha za wawekezaji. Guarnieri naye alichukua malipo ya awali na akachelewa, ila alitoa mashine. Siku ya kulipa, mnunuzi hakuwa na njia ya kuwatofautisha watu hao isipokuwa kuuliza kama kiwanda kipo na kimeshatoa nini, na wengi hawakuuliza.

Siku hizi katika miji mingi ya Marekani mashine zimeanza kurudi baa. Baadhi ni za wakusanyaji ambao nyumba zimewajaa. Wanaziweka huko, wanagawana mapato na mwenye baa kama zamani, na fedha wanazopata hununua mipira na koili za zile zilizobaki nyumbani.