Daftari la grama lifunguke lenyewe

Wandugu wachimbaji, kuran hapa Butembo na Beni inakatika saa yoyote. Ikirudi, ordinatere ya biro inawaka, lakini daftari la grama za dhahabu linabaki limefungwa. Sekretere anaandika kwenye kikaratasi, kikaratasi kinapotea, na grama zako zinakosa mutetezi.

Kwenye Windows tunafanya hivi: tunafinya kitufe cha Windows pamoja na R, tunaandika shell:startup, tunafinya Entrée. Dosye moja inafunguka. Humo tunabandika rakursi ya daftari, si daftari lenyewe. Tangu hapo, tukiisha kuwasha na kuingiza neno la siri, daftari linafunguka peke yake.

Lakini halijiandiki. Mukipima, muone jina na grama zenu zimeandikwa mbele ya kuondoka.