Kompyuta ya Chama: Ya Kipande Kimoja au ya Kuundwa?



Tangu vyama vya msingi vianze kutunza hesabu za wakulima katika kompyuta, swali moja limekuwa likiletwa kwa wakaguzi karibu kila yanapoandaliwa makisio ya mwaka. Fedha zilizotengwa zinunue kompyuta ya kipande kimoja, ile ambayo mtambo wote umefichwa nyuma ya kioo, au zinunue kompyuta ya kuundwa, yaani kasha, kioo na vipande vya ndani vilivyochaguliwa kimoja kimoja na kuunganishwa na fundi? Aghalabu swali hilo huletwa kwa sura ya bei. Wauzaji wawili wameleta ankara kifani, tofauti ni ndogo, na wajumbe wa bodi wanavutwa na ile yenye umbo zuri. Lakini bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya thamani. Kwa chama kinachopokea mazao na kulipa wakulima, jambo la kuulizwa kwanza ni hili: kitu kimoja kikiharibika katikati ya msimu, kazi itasimama kwa muda gani?

Aina zote mbili si ngeni. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, iliiunda kwa vipande vingi vilivyonunuliwa kwa watengenezaji wengine, na juu ya ubao mkuu ikaacha nafasi za kuchomeka kadi za ziada. Haukupita muda mrefu viwanda vingine vikaanza kutengeneza kadi hizo, kisha kompyuta nzima za mfano huo. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, ambayo kioo na mtambo vilikaa ndani ya mwili mmoja. Na mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ikaleta iMac, iliyofanya umbo hilo lipendwe mno. Hata hivyo mwaka unaomhusu zaidi katibu ni 1995, ambapo kampuni ya Intel ilitangaza vipimo vinavyoitwa ATX. Vipimo hivyo vinaeleza ukubwa wa ubao mkuu, mahali pa matundu ya skrubu, na namna waya za umeme zinavyochomekwa. Kwa kuwa viwanda vingi vilikubali kuvifuata, kasha la kiwanda kimoja hupokea ubao wa kiwanda cha pili na kigeuza umeme cha kiwanda cha tatu. Ni kama ilivyo kwa baiskeli: tairi ya inchi 28 haiulizi fremu imetoka kiwanda gani.

Kompyuta ya kipande kimoja haina makubaliano ya namna hiyo. Mtengenezaji anapotaka kuuficha mtambo mzima nyuma ya kioo chembamba, hulazimika kuutengeneza ubao mkuu kwa umbo la toleo hilo tu, na mara nyingi hutumia vipande vya aina ya kompyuta za mkononi: prosesa inayokula umeme kidogo, vibao vidogo vya kumbukumbu, na feni nyembamba. Katika baadhi ya matoleo prosesa, na hata kumbukumbu, zimelehemewa juu ya ubao na haziwezi kutolewa. Mfano ni iMac zinazotoka tangu mwaka 2021: kumbukumbu aliyoinunua mtu siku ya kwanza ndiyo atakayokuwa nayo mpaka mwisho.

Hata hivyo haki itendeke. Kompyuta ya kipande kimoja ina mema yake, na si haba. Huchukua nafasi ndogo mezani, jambo lisilopuuzwa katika ofisi ambayo ni ghala vilevile, yenye mizani upande mmoja na magunia upande wa pili. Waya zake ni chache, na karani asiye na ujuzi aweza kuitoa katika boksi na kuiwasha bila kumwita fundi. Aghalabu hutumia umeme kidogo. Zaidi ya yote, ina mtu mmoja wa kuulizwa: ikiharibika ndani ya muda wa waranti, chama hairudishi kwa muuzaji wa kioo wala wa diski, bali kwa yule yule aliyeiuza nzima.

Sasa tutazame maradhi yanayoonekana mara kwa mara. Umeme wa ofisi zetu, ambao kwa maandishi ni volti 230, hukatika, na pengine hurudi kwa kishindo. Kitu kimojawapo kinachoumia upesi ni kigeuza umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Ndicho kinachougeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa ndani. Katika kasha la vipimo vya ATX kifaa hicho hushikwa na skrubu nne. Fundi wa mjini aliye na kingine dukani hukibadilisha kwa muda usiozidi saa moja, na wakulima wanaosubiri orodha ya malipo hawatajua kwamba palitokea jambo. Kompyuta za kipande kimoja hapa hazifanani. Baadhi hutumia chaja ya nje kama ya kompyuta ya mkononi, nayo hupatikana kwa urahisi kiasi, ilimradi volti na ncha zilingane. Nyingine zina kigeuza umeme ndani, chenye umbo lake pekee; hapo kipuri hakina budi kuagizwa, na chama husubiri. Hata kuufikia ubovu wenyewe pengine ni kazi. Katika iMac nyembamba zilizoanza kutolewa mwaka 2012, kioo kimegandishwa kwa gundi kwenye mwili, na kukibandua bila kukipasua kwahitaji mkono uliozoea.

Kioo ndicho hasa kinachoamua jambo hili. Kioo kizuri, kisipoangushwa, hudumu miaka mingi na hakipitwi upesi na wakati, mtambo hupitwa. Anayenunua kompyuta ya kipande kimoja hufunga maisha ya vitu viwili visivyozeeka kwa mwendo mmoja. Kioo kikipasuka, mtambo mzima uliomo ndani haufai kazi mpaka kioo kingine kipatikane, na mara nyingi gharama yake hukaribia bei ya kununua upya. Mtambo ukifa, kioo kizima huenda nao stoo, kwani kompyuta nyingi za aina hii hazina tundu la kupokea picha kutoka mashine nyingine. Kabla ya kununua, katibu amwulize muuzaji kama tundu hilo lipo. Toleo lililo nalo lina thamani zaidi, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa tarakimu za kubuni, ili njia ya kufikiri ionekane. Chama A kimenunua kompyuta ya kipande kimoja kwa shilingi 2,000,000. Mwaka wa tano ubao mkuu unakufa na kipuri hakipatikani. Kila mwaka wa matumizi umegharimu shilingi 400,000. Chama B kimenunua ya kuundwa kwa bei ile ile. Mwaka wa tatu kimebadilisha kigeuza umeme kwa shilingi 80,000, mwaka wa nne kimeongeza kumbukumbu na diski kwa shilingi 220,000, na mashine imefanya kazi miaka minane. Jumla ni 2,300,000, yaani shilingi 287,500 kwa mwaka, na kioo bado kizima. Kila chama kiweke bei za mji wake mahali pa hizi zangu, na pia kiandike siku ambazo kazi ilisimama, kwani gharama ya siku hizo haimo katika ankara yoyote.

Uwezo wa kuongeza na kubadilisha vipande si anasa. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni hiyo. Kwa prosesa za Intel orodha karibu yote huanzia kizazi cha nane. Mwenye kasha la kawaida lenye prosesa ya zamani aweza kubadilisha ubao mkuu, prosesa na kumbukumbu, akabaki na kasha, kigeuza umeme, diski, kioo na kibodi. Mwenye kompyuta ya kipande kimoja ya umri huo hana la kubadilisha. Kwa sababu hiyo zile zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya kuvutia katika maduka ya mijini zitazamwe kwa makini: katibu aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.

Baada ya kuyasema hayo, lazima nieleze upande ambao mkaguzi huuona kuliko muuzaji. Kompyuta ya kuundwa ni mali ya chama iliyo rahisi kuibwa kidogo kidogo. Kasha hufunguka kwa skrubu mbili. Kibao cha kumbukumbu cha gigabaiti 16 chaweza kutolewa na kuwekwa cha 4, na mashine ikawaka kama kawaida, ila polepole. Karani atalaumu virusi. Daftari la mali lililoandikwa "Kompyuta 1" halina msaada wowote hapo. Liandikwe kipande kwa kipande: ubao mkuu na namba yake, prosesa, idadi na ukubwa wa vibao vya kumbukumbu, diski na namba yake, kigeuza umeme na wati zake, kioo. Kasha litiwe lakiri au kibandiko chenye sahihi ya katibu na mwenyekiti, na kila mara fundi anapolifungua iandikwe tarehe, kilichotoka na kilichoingia. Kipande kibovu kilichotolewa kibaki ofisini mpaka ukaguzi upite. Fundi akisema kwamba desturi ni yeye kukichukua, ajibiwe kwamba desturi ya chama ni nyingine.

Pana na suala la waranti. Kila kipande kina waranti yake na muda wake, na risiti zisipotunzwa katika jalada moja waranti hizo hazina maana. Kadhalika bei ya fundi mara nyingi haihesabu leseni ya Windows. Mashine huletwa na nakala isiyo halali, na gharama hujitokeza baadaye. Leseni iandikwe katika ankara kama kipande kingine chochote. Tena chama kisikubali kuwa mateka wa fundi mmoja: kama hakuna fundi wa pili katika mji wa karibu awezaye kuitengeneza mashine hiyo, nusu ya faida ya kuundwa imepotea.

Iko njia ya katikati, nayo ni kasha lililounganishwa kiwandani na kampuni kubwa kama Dell au HP. Lina waranti moja na lafunguka. Lakini matoleo mengi ya kampuni hizo, hasa yale ya makasha madogo, hutumia kigeuza umeme cha umbo lao na waya zisizolingana na ATX. Fundi alifungue na kuhakikisha kabla ya malipo.

Kuhusu yupiesi na nakala za hesabu sina la kurefusha: aina zote mbili zahitaji, na fedha zake zitengwe ndani ya makisio yale yale. Wanachama hawadai mashine, wanadai kilo zao, na kilo zilizoandikwa katika diski moja tu hazina ushahidi diski ikifa.

Kwa maoni yangu, chama chenye karani mmoja, chumba kidogo, na muuzaji mwenye karakana katika mji wa mkoa aliyetoa waranti ya miaka mitatu kwa maandishi, hakitajuta kununua ya kipande kimoja, ilimradi toleo lake laruhusu kuongeza kumbukumbu na kubadilisha diski. Vyama vingine vyote, hasa vilivyo mbali na vyenye msimu mfupi wa malipo mengi, vinunue kasha la vipimo vya kawaida. Uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao cha bodi pamoja na sababu zake na ankara kifani zilizolinganishwa. Siku ya kupokea, katibu aiwashe mbele ya mweka hazina, afungue ukurasa wa maelezo ya mfumo, na alinganishe prosesa, kumbukumbu na diski na yale yaliyomo katika ankara. Ndipo hati ya malipo itiwe sahihi.