Tembe za Kuongeza Damu: Uache Lini?

Wengi wenu huja kliniki na pakiti ya tembe za kuongeza damu ikiwa bado imejaa. Nikiuliza, naambiwa, "Sista, niliona choo cheusi nikaogopa, nikaacha." Choo hicho hakina neno. Ni madini ya chuma ambayo mwili haukuyatumia. Ila kikiwa kama lami, chenye kunata na harufu mbaya, njoo upesi uangaliwe.

Tembe hiyo yenye chuma na foliki asidi humezwa moja kila siku hadi ujifungue, hata ukijisikia mzima. Mtoto huchota chuma kwako atengeneze damu yake, na siku ya kuzaa nawe utapoteza damu. Ukishajifungua, muulize muuguzi kabla ya kuacha. Wengine huendelea wiki 6 hadi 12.

Ikikuchafua moyo, imeze usiku baada ya chakula. Chai ingoje saa moja au mbili (najua ni vigumu!), kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Na pakiti iwe juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akizila kama peremende zinaweza kumuua.