Mahongole katika Ramani na katika Sensa: Jina, Mahali na Hesabu ya Watu



Swali la mhadhara huu laonekana dogo. Tunaposema kwamba kijiji fulani kiko mahali fulani na kina watu kadhaa, huwa tumesema nini hasa? Nimechagua Mahongole, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, Mkoa wa Njombe, kwa sababu jina hilo peke yake latosha kumpoteza mtafiti asiye mwangalifu.

Mahongole ziko mbili. Mbali na hii ya Makambako, ipo kata ya Mahongole katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Ya kwanza imo katika eneo la Wabena. Ya pili imo katika eneo la Wasangu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kisangu ni G61, Kihehe ni G62 na Kibena ni G63. Ni lugha za kundi moja, zenye msamiati mwingi unaofanana. Kwa hiyo orodha ya maneno iliyoandikwa juu yake "Mahongole" bila kutaja wilaya ni hatari. Mtu akichanganya Kibena na Kimasai, kosa hujitangaza lenyewe. Akichanganya Kibena na Kisangu, kosa laweza kulala katika maktaba zetu miaka thelathini, likinukuliwa na kila anayepita.

Wala jambo hili si la Mahongole tu. Makambako kuna kata ya Utengule, Mbarali kuna Utengule Usangu, na upande wa Mbeya kuna Utengule Usongwe. Historia ya hizi mbili za mwisho inafahamika. Katika karne ya 19 Wasangu, chini ya watawala walioitwa Merere, walisukumwa na Wahehe wakahamia Usafwa, kisha wakarejea Usangu mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani. Jina la makao yao lilisafiri pamoja nao. Lakini majina mawili yanayofanana huweza pia kuzaliwa mbalimbali, kila moja katika lugha yake, kutokana na mzizi mmoja wa kale. Mfanano wa umbo hauamui. Kinachoamua ni toni ya jina katika vinywa vya wenyeji, na masimulizi ya koo zilizotangulia kufika.

Tukiyatazama majina ya kata za Makambako kwa pamoja, tunaona tabaka mbili. Majengo na Mjimwema ni Kiswahili kitupu, majina ya mji uliokua kandokando ya barabara na reli. Lyamkena ni jina la aina nyingine: lya- yake ina sura ya kiunganishi cha ngeli ya 5 katika Kibena, sawa na "la" ya Kiswahili. Mahongole, pamoja na kiambishi chake cha ma-, ni ya tabaka hili la pili, nalo ndilo la zamani zaidi.

Kijiografia, hapa ni mahali pa kupitia. Wataalamu wa mimea na wanyama huuita Mwanya wa Makambako, kwa kuwa ndio unaotenganisha milima ya Udzungwa na ile ya Kipengere. Maji ya upande mmoja hushukia Usangu hadi Ruaha Mkuu, ya upande mwingine huelekea Kilombero, na yote hukutana Rufiji. Mwanya uliopitisha upepo ulipitisha pia barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, reli ya TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970, na barabara ya Njombe na Songea inayochepuka papo hapo Makambako. Mvua ni ya msimu mmoja. Mazao ni mahindi, maharage, viazi, alizeti.

Sasa neno "kijiji". Kimofolojia ni udogo wa "mji": mzizi -ji wenye silabi moja hupewa ki-ji-, kama "mti" unavyotoa "kijiti". Kisheria, hata hivyo, udogo huo ulipewa kipimo. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilitaka kaya zisizopungua 250 ili kijiji kiandikishwe. Leo Mahongole ni eneo la vijijini lililo ndani ya Halmashauri ya Mji, jambo ambalo sarufi ingelishangaa lakini utawala hauna taabu nalo. Zaidi ya hayo, katika sensa ya 2002 eneo hili lilihesabiwa katika Wilaya ya Njombe, Mkoa wa Iringa. Katika ile ya 2012 lilihesabiwa katika mkoa mpya wa Njombe. Kijiji hakikusogea hata hatua moja. Anayelinganisha takwimu za miaka hiyo athibitishe kwanza kwamba mipaka ni ileile.

Hata tarakimu zenyewe zina lugha yake. Tumezoea kuandika "wakazi", ilhali sensa zetu huhesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mkoa wa Njombe ulikuwa na watu 702,097 mwaka 2012: wanaume 329,359 na wanawake 372,738. Mwaka 2022 walikuwa 889,946: wanaume 420,533 na wanawake 469,413. Ni takriban wanaume 88, kisha 90, kwa kila wanawake 100. Pengo hilo halitokani na kuzaliwa. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya uhamaji. Tangu enzi ya ukoloni vijana wa Ubena walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Mtu aliyehesabiwa huko kwa namba hakuhesabiwa nyumbani kwa jina.

Na lugha je? Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo idadi ya wasemaji wa Kibena hukadiriwa tu, kama ilivyofanywa katika Atlasi ya Lugha za Tanzania ya 2009. Mwanafunzi atakayekwenda Mahongole, basi, aandike katika kila kadi yake wilaya, kata, kijiji na kitongoji, pamoja na mwaka. Kisha aulize kila kaya swali ambalo karani wa sensa hakutumwa kuliuliza: watoto wa hapa huambiwa waje kula kwa lugha gani?