Land Rover na Beetle Katika Mchanga wa Umakonde

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza. Ndiyo maana bodi yake ni ya aluminiamu. Hata hivyo wengi wanaendelea kuisifu kuwa ni chuma kitupu. Chuma ni chasisi, nayo huliwa na kutu chini kwa chini huku bodi ikipendeza. Mnunuzi anayegonga mlango kupima uimara anajisumbua bure, aingie uvunguni.

Volkswagen Beetle ni kinyume chake: injini iko nyuma, husukuma magurudumu ya nyuma tu, na haina rejeta. Newala, huku Umakonde, ambako maji yamekuwa adha ya miaka mingi, sifa hiyo si ndogo. Lakini kusema Beetle “haichemki” ni porojo. Hupozwa kwa oili na upepo wa feni, na mkanda unaozungusha feni ndio huohuo unaozungusha dainamo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla, dereva asimame hapohapo. Akisema atatazama mbele ya safari, atatazama injini iliyoungua.

Barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala huacha vilima vya mawe, hupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, kisha huingia mchangani. Humo uzito wa injini huisaidia Beetle, kwa kuwa hukandamiza magurudumu yanayosukuma. Ushindi wake katika mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962 haukuletwa na hirizi. Wala gari linalozimika mlimani na kuwaka tena baada ya kupumzishwa halikurogwa: petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba.

Land Rover za zamani zina kitufe cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na fimbo nyekundu ya gia za nguvu. Hapa madereva huharibu mno. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na hakuna difu katikati ya kusawazisha tofauti hiyo. Mchangani tairi huteleza kidogo, mambo yakaisha. Kwenye lami ya Masasi haziwezi kuteleza hivyo. Ekseli hujisokota, tairi hulika, na siku moja ekseli hukatika. Anayeacha kitufe kimebonyezwa “kwa usalama” ananunua ekseli kwa hiari yake.

Kwa magunia ya korosho, Beetle haifai hata kufikiriwa. Kwa watu wawili na begi, wakati wa kiangazi, inatosha, tena kwa mafuta machache zaidi.