Tulienda Yangambi: fungua ngazi kabla ya kupanda



Mwezi uliopita tulishuka mto na wanamemba wetu mpaka Yangambi, karibu kilometa 100 toka Kisangani. Wengine walifikiri tunaenda kuangalia nyumba za zamani za Wabelgiji tu. Nyumba zipo kweli, lakini mji ule ulijengwa juu ya mimea. Mwaka 1933 serikali ya ukoloni iliunda INEAC, na leo kazi yake inaendelea na INERA. Mpaka sasa kuko nyumba moja yenye mimea iliyokaushwa, karibu 150 000, kila mmoja na jina lake.

Kilichotugusa zaidi ni habari ya migazi. Njiani mama mmoja alituuliza: «Nilichagua ngazi ya muti muzuri kabisa, nikapanda. Sasa miti mingine inatoa maua, lakini haizalaka. Ni uchawi?»

Hapana mama, si uchawi. Jibu lilipatikana palepale Yangambi. Kuko aina tatu. Dura ina ganda nene, nyama kidogo. Pisifera haina ganda, lakini mara nyingi matunda yake yanaoza kabla ya kukomaa. Tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, ndiyo inatoa mafuta mingi. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen wa INEAC walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiweka unga wa maua ya pisifera kwenye ua la dura, watoto wote ni tenera.

Shida inaanza na wajukuu. Tenera ikizaa na tenera, kwa miche 100 utapata karibu 50 tenera, 25 dura na 25 pisifera. Robo ya shamba haitakulipa kitu. Na utajua paka kisha miaka mitatu ao mine, wakati jasho na pesa ya palizi vimekwisha kwenda.

Basi tufanye hivi:

1. Kata ngazi iliyoiva katikati. Ganda nene ni dura. Ganda jembamba, lenye duara ya nyuzi nyeusi kandokando, ni tenera.
2. Usipande mbegu uliyookota chini ya mugazi, hata kama muti ni muzuri namna gani.
3. Tununue pamoja, kwa jina la koperative, na tumuulize muuzaji: mama ni nani, baba ni nani? Kama hana karatasi ya kujibu, tusilipe.
4. Muti usiozaa, utie alama. Ukipita mwaka bila kichala kilichokomaa, uangushe, upande mwingine.

Mugazi ni muti wa Afrika, Wabelgiji hawakuuleta. Lakini elimu yake ilitumikia kwanza mashamba makubwa ya makampuni. Sasa ifike kwetu pia. Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete ngazi tano za shamba lake na kisu. Tutazifungua pamoja.